Watoto wa Darasa la Awali Waketi juu ya Nini?

Kila Januari, shule zinapofunguliwa na watoto wa darasa la awali wanapoletwa kwa mara ya kwanza wakiwa wameshikwa mikono, katika vikao vya wazazi huibuka jambo ambalo huonekana dogo mno, hata likaachiwa dakika za mwisho: watoto hawa wataketi juu ya nini? Maili Moja, katika Mji wa Kibaha, kandokando ya barabara kuu iendayo Morogoro, jambo hilo halina jibu moja. Yapo madarasa yenye viti vidogo na meza, yapo yenye saruji tupu na mkeka mmoja mbele ya ubao, na wapo wazazi wanaotamani zulia nene la rangi kali, lililochorwa kinanda, noti za muziki, ngoma na tarumbeta, lenye duara kwa kila mtoto. Zulia la aina hiyo likikunjuliwa mbele ya kikao, mjadala huwa umekwisha kabla haujaanza. Linapendeza. Picha yake ikitumwa katika simu za wazazi, shule huonekana imeendelea.

Haifai kulidharau pendo hilo. Mtoto wa miaka 5 anayeingia katika chumba cha wageni watupu huhitaji mahali anapoweza kupaita pake, na duara jekundu lenye picha ya ngoma ni mahali. Aliyelielewa jambo hili mapema alikuwa daktari. Maria Montessori, aliyehitimu udaktari mjini Roma mwaka 1896, alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo tarehe 6 Januari 1907, na miongoni mwa vifaa vilivyokuja kujulikana kwa njia yake ni kijizulia kidogo ambacho mtoto hukikunjua mwenyewe, hufanya kazi yake juu yake, kisha hukikunja na kukirudisha mahali pake. Msomaji na aliangalie neno hilo, hukikunja, maana litarudi huko mbele.

Lisilofaa ni madai yanayoambatana na zulia la muziki, kwamba eti humfanya mtoto awe na akili zaidi. Chanzo chake ni utafiti mfupi uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1993, ambao wahusika wake hawakuwa watoto bali wanafunzi 36 wa chuo. Walisikilizishwa muziki wa Mozart kwa dakika 10, wakafanya vizuri kidogo zaidi katika majaribio ya kutambua maumbo, na faida yenyewe ikatoweka baada ya kama robo saa. Hata hivyo, kufikia mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani alikuwa akiomba fedha za umma ili kila mtoto mchanga apewe santuri ya muziki huo. Ikiwa gavana alipotoka kiasi hicho, mzazi wa Maili Moja halaumiwi. Lakini picha ya kinanda sakafuni haichezi muziki wowote, na anayeinunua anunue kwa sababu nyingine.

Sababu ya kwanza ya kujali uso wa kukalia ni ya kitabibu, nayo huanzia katika nyuzi. Zulia la nyuzi ndefu hushika kila kinacholiangukia: mchanga, makombo ya maandazi, vumbi la chaki, nywele, na magamba madogo ya ngozi ambayo kila mwanadamu huyapukutisha bila kujua. Magamba hayo ndiyo chakula cha utitiri wa vumbi, mdudu ambaye urefu wake ni kama theluthi moja ya milimita na ambaye jicho tupu haliwezi kumwona. Mdudu huyu hanywi maji. Huyafyonza kutoka katika hewa yenye unyevu, na hewa ikikauka hufa. Katika nchi kavu au zenye baridi kali watu humpunguza kwa kukausha hewa ya nyumba. Katika Mkoa wa Pwani, ambako hewa ya bahari hubeba unyevu karibu mwaka mzima na masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, njia hiyo haipo. Kinyesi cha utitiri kikikauka hupeperuka kila mtoto anapoketi, anapoinuka na anaporuka, nacho ni miongoni mwa vichocheo vinavyofahamika sana vya pumu na mafua ya mzio.

Hapa hadhari inahitajika, hasa kwa wahudumu wa afya wanaosoma ukurasa huu. Si kweli kwamba kuondoa zulia kunatibu pumu. Uchambuzi wa mtandao wa Cochrane uliochapishwa mwaka 2008 ulikusanya majaribio mengi ya kupunguza utitiri kwa dawa, vifuniko vya magodoro na njia nyingine, na haukuona kwamba wagonjwa wa pumu walipata nafuu. Mtoto mwenye pumu hulindwa kwanza kwa dawa ya kuvuta ya kuzuia uvimbe wa njia za hewa, inayotumiwa kila siku kama alivyoelekezwa, hata siku ambazo kifua hakibani. Mzazi asiiache dawa hiyo kwa sababu shule imetandika mkeka mpya. Lakini kuna tofauti kati ya kuondoa utitiri uliokwishaenea nyumba nzima na kuamua kutonunua, kwa fedha za wazazi, makazi mapya ya utitiri katika chumba ambacho hakikuwa nayo. Uamuzi wa pili hauhitaji majaribio mengi ili ueleweke.

Lipo pia swali ambalo kliniki zetu hulisahau. Mtoto akiletwa na kikohozi kisichokwisha, mama huulizwa: analala juu ya nini, jikoni mnapikia kuni au mkaa, kuna anayevuta sigara nyumbani? Ni maswali mema. Ni nadra mama kuulizwa mtoto anaketi juu ya nini shuleni, ilhali huko ndiko anakopitisha asubuhi yake siku 5 za juma, uso wake ukiwa chini karibu na sakafu kuliko uso wa mtu mzima yeyote mle darasani. Na mama mara nyingi hawezi kujibu, kwa kuwa huishia mlangoni. Swali hilo likiulizwa Tumbi au katika zahanati ya kata, mama atakwenda kuangalia.

Baada ya pumzi kuna ngozi na mkojo. Mtoto wa miaka 4 au 5 hujikojolea. Si utundu wala si aibu, ni umri. Zulia nene likilowa, huoshwa juu na kubaki limelowa chini, na harufu ya siku ya tatu huwa shahidi. Mapunye huambukizwa kwa kugusana na kwa kushirikiana vitu vinavyogusa kichwa, na watoto wa umri huu hulala chali popote wanapochoka. Upele nao, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, huenezwa zaidi na ngozi kugusana na ngozi kwa muda, lakini mdudu wake akianguka huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 2 au 3. Kitambaa kinachofuliwa na kuanikwa hakimpi nafasi. Zulia lisiloweza kubebwa nje humpa.

Ama darasa ambalo sakafu yake bado ni udongo, mjadala wa zulia ufungwe mara moja. Funza huzaliana katika mchanga mkavu na vumbi la sakafu, na mchanga wa Pwani humfaa vizuri. Kutandika kitu kizuri juu yake ni kumfunika, si kumwondoa. Fedha hizo ni za saruji.

Kwa madarasa yenye saruji, kipo kipimo kimoja ambacho mwalimu na mzazi yeyote wanaweza kukitumia dukani bila msaada wa mtaalamu: je, watu wawili wanaweza kukibeba kitu hiki hadi nje, wakakiosha kwa maji na sabuni, na kukianua kikiwa kikavu siku hiyohiyo, hata katika mwezi wa Aprili? Zulia la nyuzi ndefu hushindwa katika neno la kwanza, kwa kuwa likilowa hata watu wanne hawaliinui. Vipande vya sponji vinavyopachikwa kimoja kwa kingine huoshwa haraka, ila uchafu hujificha katika maungio yake, na watoto huvibandua na kuving'ata. Mwaka 2010 Ubelgiji iliviondoa sokoni vya aina hiyo kwa sababu ya kemikali iliyokuwa ikitoka katika sponji yenyewe. Mkeka wa plastiki uliofumwa hufaulu vizuri. Huoshwa kwa ndoo moja, hukauka kabla ya adhana ya adhuhuri, na hauoti ukungu. Kasoro yake ni kuteleza juu ya saruji laini, hasa ikiwa na maji, na kuwa mwembamba kiasi kwamba ubaridi wa sakafu hupenya asubuhi.

Mkeka wa ukindu ni suala la mapenzi zaidi. Unapumua, haupati joto kama plastiki, na miguu ya watoto huushika. Lakini haupendi kulowekwa. Hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kupigwa jua pande zote mbili, na ukikunjwa ukiwa mbichi huota ukungu ndani ya siku chache. Kunguni nao wanaujua. Kwa darasa la watoto wadogo kabisa, wanaojikojolea, plastiki ndiyo iliyo salama. Kwa waliokua kidogo ukindu unafaa, mradi yupo mtu wa kuuanika. Anayetaka vyote viwili hutandika plastiki, kisha juu yake hufungia kitambaa cha kitenge kinachofuliwa kila Ijumaa.

Je, muziki umekwenda wapi? Haujaenda popote. Mchoro wa muziki hauhitaji nyuzi ndefu, unahitaji rangi na mtu mwenye wazo. Zaidi ya hayo, inafaa kuuliza kwa nini mchoro wenyewe uwe kinanda. Watoto wengi wa Maili Moja watamaliza shule ya msingi bila kukigusa kinanda. Ufunguo mweupe na ufunguo mweusi kwao ni mistari tu. Marimba wanaweza kuyaona, na hata kuyatengeneza, kwa vipande vya mbao vilivyokatwa virefu na vifupi. Bagamoyo, mji wa mkoa huohuo wa Pwani, ina taasisi ya sanaa na utamaduni iliyoanza kama chuo mwaka 1981, ambako marimba, zeze na ngoma hufundishwa kwa watu wazima kutoka pande zote za dunia. Katika vijiji vya Wazaramo kuanzia Kisarawe hadi Kibaha, ngoma ndogo na kubwa zikipangwa mstari mmoja humwonyesha mtoto kwa jicho kile anachokisikia kwa sikio: kubwa ina sauti nene, ndogo ina sauti nyembamba. Hilo ni somo la muziki lililokamilika, na pia ni somo la hisabati ya awali.

Tena mkeka wenyewe umekwisha kupangwa kimuziki. Mkeka haufumwi kwa mkupuo kama kitambaa. Husukwa kwanza ukili, ule utepe mrefu mwembamba, kisha kili hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upana utoshe. Msukaji akitia rangi ukindu wa kili 8, kila moja rangi yake, mtoto ana marimba ya kukanyaga kwa miguu: akiruka ukili mwekundu, wenzake hupiga sauti nene, akiruka wa njano, nyembamba. Wanawake wasukaji wa mikeka wapo mkoani humu, na kazi hiyo wanaiweza kwa kuagizwa. Pengine watashangaa tu kwamba shule imewakumbuka.

Faida kubwa kuliko zote ya kuketi kwa muziki, hata hivyo, haimo katika rangi. Imo katika masikio. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazozuilika, miongoni mwake maambukizi ya sikio la kati yanayotoa usaha kwa majuma na miezi. Mtoto wa namna hiyo haji hospitalini akisema hasikii, kwa sababu hajui wengine wanasikiaje. Shuleni huitwa mzembe, mkaidi, au mzito wa kuelewa. Akiwa ameketi nyuma ya wenzake 60 waliobanana sakafuni, chini ya bati linalopigwa na mvua, hakuna atakayemgundua.

Mpe mtoto huyo mahali maalumu pa kuketi, penye alama yake, kisha wageuze watoto wote waelekee dirishani huku mwalimu akiwa nyuma yao na kayamba mkononi. Anatikisa polepole, anayesikia anyooshe mkono. Anapunguza sauti, wanyooshe tena. Watoto huuona kuwa ni mchezo, na ni mchezo kweli. Lakini mtoto ambaye kila mara husubiri kuona mikono ya wengine ndipo ainue wake ameshajieleza. Mwalimu asimtangaze. Arudie siku nyingine, kwa kuwa mafua huweza kuziba masikio kwa muda, na akiona hali ni ileile amwite mzazi faraghani na kumshauri ampeleke mtoto kituo cha afya akachunguzwe masikio. Mzazi naye aonywe asitie mafuta, maziwa wala majimaji ya majani katika sikio linalotoa usaha kabla halijaangaliwa. Huu si upimaji wa kitabibu na haupaswi kuitwa hivyo. Ni mwalimu aliyetazama. Kwa kuwa kila mtoto ana mahali pake, mwalimu hukumbuka ni nani, ingawa hajashika majina yote.

Haki itendeke: katika jambo la usikivu, zulia nene lina sifa moja ambayo mkeka hauna. Hunyonya mwangwi. Chumba chenye kuta za saruji, sakafu ya saruji na paa la bati huirudisha kila sauti mara mbili, na mtoto mwenye usikivu hafifu ndiye anayeumia zaidi. Lakini mwangwi huohuo hupunguzwa na mapazia ya kanga, na mabango ya vitambaa ukutani, na dari, vitu ambavyo hakuna anayevikojolea.

Turudi sasa kwenye kukunja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Aprili 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 ajishughulishe kimwili kwa dakika 180 kwa siku, ambazo 60 kati yake ziwe za kumtoa jasho, na asifungiwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja kwa mkupuo wala kuketishwa kwa muda mrefu. Zulia lililobandikwa sakafuni, lenye duara kwa kila mtoto, kwa umbo lake lenyewe humwambia mwalimu kwamba kazi ya mtoto ni kuketi. Mkeka ukikunjwa, sakafu hubaki wazi kwa ukuti, kwa mdundiko, kwa kuruka kichura. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 uliweka stadi za kisanii na kutunza afya kuwa umahiri unaojitegemea, kila mmoja na nafasi yake. Dakika 20 za ngoma juu ya sakafu iliyo wazi hutimiza vyote viwili. Idadi ya watoto 25 kwa mwalimu mmoja, ambayo ndiyo kipimo kilichowekwa nchini, hupitwa mno katika shule nyingi, na ndiyo maana walimu huogopa kuwainua watoto. Woga huo una msingi. Hata hivyo, watoto 60 wanaocheza kwa zamu makundi mawili, moja likipiga makofi na jingine likicheza, ni rahisi kuwatawala kuliko watoto 60 waliochoka kuketi.

Kinachobaki ni heshima, nacho ndicho kigumu. Mama anayeuza samaki wa kukaanga karibu na stendi, akachanga fedha yake, hataki mwanawe aketi juu ya mkeka. Mkeka anao nyumbani. Kwake zulia ni ushahidi kwamba mchango wake umefika mahali, na mtaalamu wa afya anayekuja na habari za utitiri huonekana kama mtu mwingine tena anayemwambia maskini aridhike na alichonacho. Hoja yake isipuuzwe, wala isijibiwe kwa picha za wadudu. Ijibiwe kwa kumwonyesha kilichonunuliwa: mikeka mipya ya rangi iliyoagizwa kwa vipimo vya darasa, ngoma 3 za ngozi, makayamba 10, rafu ya viatu mlangoni, na ndoo yenye koki ya kunawia mikono. Kibaha ina kumbukumbu ya fikra ya namna hii. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza miaka ya 1960 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, liliweka shule, tiba na kilimo chini ya paa moja, kwa imani kwamba ujinga, maradhi na umaskini havipigwi kimoja kimoja.

Na kabla ya kikao kufungwa, mwenyekiti aulize swali ambalo kwa kawaida haliandikwi katika muhtasari: nani ataosha? Ikiwa jibu ni kwamba mwalimu ataosha peke yake baada ya kufundisha watoto 60, basi mkeka utachafuka kama zulia, ingawa polepole zaidi. Zamu ya wazazi wawili kila Ijumaa, ndoo mbili na kamba ya kuanikia kati ya miembe miwili ya shule, iandikwe palepale pamoja na majina, kisha ibandikwe mlangoni.